Ua na Mpaka

Neno "ua" katika lugha yetu limebeba mambo mawili. Ua ni ule wigo wa miti, mawe au seng'enge uzungukao nyumba. Na ua ni mahali penyewe palipozungukwa, pale watoto wachezapo na kuku wachakurapo. Walioiunda lugha hawakuona haja ya kutenganisha kitu kizuiacho na mahali panapozuiwa. Mbele ya sheria, hata hivyo, mambo hayo mawili ni mbalimbali sana. Mahali ni mali. Wigo ni dai tu. Asimamishaye wigo asema, "Changu chakoma hapa na chako chaanzia hapo," na jirani yake aweza kukubali au kukataa. Basi tukitaka kuandika historia ya nyua za Kenya, imetupasa kwanza kuuliza: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema wigo usimame wapi?

Mwanafunzi aliyezoea kusoma habari za wafalme, vita na mikataba huenda akaliona swali hili kuwa dogo. Lakini katika nchi ya wakulima hapana jambo liwagombanishalo majirani upesi kuliko hatua moja ya udongo. Ndugu waliolala kitanda kimoja wakiwa watoto wamekosa kusalimiana uzeeni kwa ajili ya mstari wa miche. Tena mstari huo haukuota wenyewe. Ulipandwa mwaka fulani, kwa amri fulani, na mara nyingi mbele ya mashahidi ambao sasa wamelala kaburini.

Nyua za kale zilikuwa za namna nyingi. Katika Kaunti ya Migori, mashariki mwa Ziwa Victoria, zingalipo kuta za mawe za Thimlich Ohinga, ambazo yaaminika zilijengwa katika karne ya 16. Mawe yalipangwa juu ya mawe pasipo saruji wala udongo wa kuyashika, na kuta hizo zina kimo cha kuanzia mita 1.5 hata mita 4.5. Mwaka 2018 ziliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wamasai nao walizungushia miji yao, iitwayo enkang, boma la matawi ya miiba. Mgeni apitaye nje ya boma hilo aweza kuhesabu wenye mji bila kuingia ndani, maana kila mwanamume mwenye jamaa ana mlango wake katika ua. Na nyumba ya mke wa kwanza hujengwa upande wa kulia wa mlango huo, ya mke wa pili upande wa kushoto, na kuendelea hivyo kwa zamu. Pwani, Wamijikenda walizificha kaya zao katikati ya misitu, na watu wa Gedi waliuzungushia mji wao kuta mbili, moja ya nje na moja ya ndani.

Nyua zote hizo zilikuwa na kazi moja kuu: kuzuia. Zilizuia chui na fisi, wezi wa mifugo na adui wa usiku. Hazikuwa na kazi ya kueleza mipaka ya mashamba. Ng'ombe wa Mmasai walikula majani mbali kabisa na ule ua wa miiba, na hapana aliyedhani kwamba haki yake ya malisho yakoma penye mwiba wa mwisho. Jambo hili twapaswa kulishika vema, kwa sababu mabadiliko makubwa yaliyotokea baadaye yalikuwa haya: ua na mpaka, vitu viwili vilivyoishi mbalimbali kwa karne nyingi, vilifungwa pamoja vikawa kitu kimoja.

Wakikuyu watatuonyesha tofauti hiyo vizuri. Nyumba zao zilikuwa na wigo wa miti na matawi. Ardhi yao, iitwayo githaka, ilikuwa kitu kingine, na aghalabu ilikuwa mali ya mbari, yaani jamaa waliotokana na babu mmoja. Ndani ya githaka waliweza kuwako pia watu walioitwa ahoi, waliolima kwa idhini ya wenye ardhi bila kuimiliki. Mpaka wa githaka haukuwekwa kwa wigo. Uliwekwa kwa miti iliyochaguliwa na kwa maua ya aina ya yungiyungi yaitwayo matoka, yenye kiazi kikubwa ardhini. Jomo Kenyatta ameeleza desturi hiyo katika kitabu chake "Facing Mount Kenya" cha mwaka 1938. Wazee walikusanyika, wakachinja kondoo dume, wakatembea kandokando ya mpaka wakinyunyiza taka za tumbo la mnyama huyo, na alama zikapandwa mbele ya macho ya wote. Kuanzia siku hiyo, aliyeng'oa au kusogeza alama hakuwa amemkosea jirani tu; alikuwa amevunja jambo lililotiwa wakfu, na laana ya wazee ilikuwa juu yake.

Zingatia hekima ya kuchagua ua la matoka. Mti waweza kukatwa ukawa kuni. Jiwe laweza kubingirishwa usiku. Kiazi cha matoka hubaki chini ya udongo hata majani yakiliwa na mbuzi au kuungua kwa moto, na mvua ikinyesha huchipua pale pale. Na alama ikifa au ikichimbuliwa na mnyama wa mwitu, majirani wawili walikutana wakaipanda tena. Wasipopatana juu ya mahali ilipokuwa, walimwita mzee mmoja au wawili. Shauri likiwa zito liliweza kupelekwa hata kwenye kiapo cha githathi, ambacho watu walikiogopa kuliko faini yoyote. Hapakuwa na ramani. Ramani ilikuwa vichwani mwa wazee, na kila mzee aliyekufa alikwenda na sehemu yake.

Mpango huo ulitosha wakati ardhi ilipokuwa nyingi. Baada ya mwaka 1902, serikali ya kikoloni ilipoanza kuwagawia walowezi mashamba kwa sheria zake, ardhi ilizidi kuwa haba huku watu wakiongezeka. Vijana walirithi, wakagawana, wakanunua kipande hapa na kipande kule, hata katika miaka ya 1940 mkulima mmoja wa Nyeri au Kiambu aliweza kuwa na vipande sita, kumi au zaidi, kila kimoja mbali na kingine. Maofisa wa kilimo waliuita mtindo huo uharibifu. Kwa maoni yangu hawakuutazama vizuri. Mtu mwenye kipande mgongoni mwa kilima na kingine bondeni alikuwa na mahali pa viazi vikuu na mahali pa mahindi, na mvua ikikosa upande mmoja alipata chakula upande wa pili. Lakini ni kweli pia kwamba alipoteza saa nyingi njiani, na hakuweza kupeleka mbolea wala kujenga zizi katika kila kipande. Tena hapana mtu azungushiaye wigo vipande kumi.

Watu wengine walianza wenyewe kubadilishana vipande ili mashamba yao yakae pamoja, na katika wilaya ya Nyeri Chifu Muhoya alijulikana kwa kuliendesha jambo hilo katika eneo lake. Mwaka 1954 serikali ilichapisha mpango wa ofisa wa kilimo aitwaye Roger Swynnerton. Mpango huo ulikusudia kukusanya vipande vya kila mkulima mahali pamoja, kumpa hati, na kumwezesha kupanda kahawa na mazao mengine ya fedha na kufuga ng'ombe wa maziwa. Katika karatasi lilikuwa jambo la kilimo. Lakini wakati wake haukuwa wakati wa amani.

Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwezi wa Juni 1954 iliamriwa kwamba watu wa nchi ya Wakikuyu, pamoja na Waembu na Wameru, waondolewe katika miji yao iliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji. Hata mwishoni mwa mwaka 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto, na nyua zake zikateketea pamoja nazo. Vijiji vingi vipya vilizungukwa na handaki lililochomekwa vijiti vilivyochongwa ncha kali, na seng'enge, na daraja moja la kuingilia lililolindwa na askari. Handaki jingine refu lilichimbwa kandokando ya msitu ili kuwatenga wapiganaji na watu waliowalisha, na waliolichimba, wengi wao wakiwa wanawake, hawakulipwa ujira. Katika historia yote ya nyua za nchi yetu, hizo ndizo ambazo wakaaji wake hawakuulizwa neno juu ya mahali pake. Ua wa kale ulizuia fisi asiingie. Ua huu ulizuia watu wasitoke.

Ni wakati huo huo, wenye mashamba wakiwa vijijini na makumi ya maelfu ya wanaume wakiwa vizuizini, ndipo ardhi ilipogawanywa upya. Kazi ilifanywa hivi. Wazee wa kila mahali waliwekwa katika halmashauri. Kila mtu alikuja akataja vipande vyake, na vipande vikapimwa na kujumlishwa. Tuseme mtu alikuwa na vipande vitano: cha ekari 1.2, cha 0.8, cha 2.1, cha 0.5 na cha 1.4. Jumla yake ni ekari 6. Katika jumla hiyo ilitolewa sehemu kwa ajili ya mambo ya watu wote, kama barabara, shule, soko na kijiji. Ikiwa sehemu hiyo ilikuwa tano kwa mia, mtu wetu alibakiwa na ekari 5.7. Kisha akakatiwa shamba moja la ukubwa huo, mara nyingi ukanda mrefu utokao kwenye barabara ya mgongoni mwa kilima na kuteremka hata mtoni, ili kila mmoja apate njia na maji.

Hesabu hiyo ni nyepesi ubaoni. Lakini ni nani aliyevitaja vipande vya mtu aliyekuwa kizuizini? Mke wake, kama alisikilizwa. Ndugu yake, kama alikuwa mwaminifu. Ni nani aliyepewa udongo mwekundu karibu na barabara, na nani akapewa mteremko wa mawe? Tena sheria ya mwaka 1953 ilikwisha kutoa ruhusa ya kunyang'anya ardhi ya watu waliohesabiwa kuwa viongozi wa maasi. Na ahoi, ambao hawakuwa na kipande cha kutaja, walitoka mikono mitupu. Wengi walibaki katika viwanja vidogo vya vijiji wakati wenzao waliporudi mashambani. Katika wilaya ya Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a, udanganyifu ulikuwa mwingi hata kazi ikalazimika kurudiwa. Mwaka 1957 sheria ilitungwa ya kusimamisha kesi za ardhi katika mahakama za Waafrika, kwa hofu kwamba waliofunguliwa wangefurika mahakamani. Baadaye Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilikataza daftari lisahihishwe dhidi ya mtu aliyeandikwa mara ya kwanza, hata kama aliandikwa kwa hila. Kizuio hicho kiliondoka sheria hiyo ilipofutwa mwaka 2012. Miaka 49 ni mingi katika maisha ya mtu anayedai shamba la baba yake.

Sasa tuufikie wigo wenyewe. Shamba likisha kukatwa, mwenyewe aliamriwa apande ua kandokando ya mipaka yake. Amri hiyo haikutolewa kwa ajili ya ng'ombe tu. Wapimaji wa ardhi walikuwa wachache mno kuweza kuweka jiwe la saruji katika kila pembe ya kila shamba; kazi hiyo ingalichukua miaka mingi na fedha nyingi. Kwa hiyo serikali iliazimia kutumia ndege. Miche ikisha kukua na kuwa mstari mzito wa kijani, ndege ingepita juu na kupiga picha, na wachora ramani wangefuata mistari hiyo kwa kalamu. Kwa maneno mengine, mkulima mwenye jembe na kikapu cha miche ndiye aliyeandika ramani ya nchi, na mtu wa ndege alikuja kuisoma tu.

Mmea uliopendwa sana ni ule uitwao kayaba, mti wa miiba mirefu na matunda ya manjano yenye uchungu. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na jina lake la Kiingereza latokana na mto Kei wa huko. Hauliwi kwa urahisi na mbuzi, hustahimili ukame, na ukikatwa huzidi kusongamana. Penye joto zaidi watu walipanda mnyaa, ambao utomvu wake mweupe huunguza macho. Mimea yote miwili ina tabia moja ambayo waliotoa amri hawakuitia sana maanani: hupenda kunenepa. Ua uliopandwa kama uzi waweza, usipokatwa kwa miaka 20, kuwa na upana wa hatua tatu. Hapo mpaka uko wapi? Katikati ya shina? Penye miiba ya upande wako au ya upande wangu?

Picha zenyewe hazikwenda kama ilivyokusudiwa. Watu walitaka hati zao haraka, na serikali nayo ilitaka kuumaliza ugomvi haraka zaidi. Ramani za muda zilichorwa kabla miche haijakua, juu ya picha zilizokuzwa, kwa kukisia mistari iliyopimwa kwa mnyororo. Nia ilikuwa kuirudisha ndege baadaye, nyua zikisha kustawi, na kuzisahihisha ramani hizo. Ndege ilirudi sehemu chache. Mahali pengi ile ramani ya muda ikawa ramani ya siku zote, na hata leo mwenye shamba aendaye katika ofisi ya ardhi kununua nakala hupewa mistari ile ile.

Tufanye hesabu kidogo, maana katika jambo hili hesabu hufundisha kuliko maneno. Ramani nyingi za namna hiyo zilichorwa kwa kipimo cha 1 kwa 2,500, yaani milimita 1 ya karatasi ni mita 2.5 za ardhi. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu ya milimita wafunika mita 1.25 shambani. Ikiwa mpaka wa majirani wawili una urefu wa mita 200, unene wa mstari peke yake ni mita za mraba 250. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho watu wa siku hizi hukinunua kwa akiba ya maisha yao, kina mita za mraba 464 na kidogo. Basi wino wa mchora ramani waweza kumeza zaidi ya nusu ya kiwanja. Mwaka 1958, shamba lilipokuwa la viazi, hapana aliyeuona wino huo. Mji ukiisha kufika karibu, kila mtu huuona.

Sheria haikuwa kipofu juu ya udhaifu huu. Iliukiri waziwazi, na kukiri huko kulitoka Uingereza, ambako watu walikwisha kujifunza kwa hasara. Mwaka 1862 Bunge la huko lilitunga sheria ya kusajili ardhi iliyotaka kila mpaka uelezwe kwa ukamili kabla ya shamba kuandikwa daftarini. Matokeo yalikuwa kinyume cha matumaini. Ili kuueleza mpaka ilibidi jirani aitwe na kuulizwa, na jirani aliyekuwa amekaa kwa amani miaka 30 alianza kuuona ule ua kwa macho mapya. Ugomvi uliolala uliamshwa. Tume iliyotoa taarifa yake mwaka 1870 iliutaja ubaya huo, na sheria ya mwaka 1875 iliyalegeza masharti. Tangu hapo Waingereza walishika kanuni ya mpaka wa jumla: ramani yaonyesha shamba liko wapi na lapakana na nani, lakini haisemi hatua ya mwisho ya mpaka iko penye jani lipi.

Mahali ramani iliponyamaza, mahakama zao zilisema. Mwaka 1810 jaji mmoja alieleza kanuni ambayo wanasheria wa huko huitumia hata sasa. Mtu achimbaye mfereji penye mpaka, alisema, hana haki ya kutupa udongo kwa jirani. Kwa hiyo huchimba hata ukingo wa mwisho wa ardhi yake, hutupa udongo upande wake, kisha hupanda ua juu ya tuta. Basi mahali penye ua na mfereji pamoja, hukisiwa kwamba mpaka uko ng'ambo ya mfereji, wala si penye ua. Kanuni hiyo ni nzuri kwa nchi iliyochimbwa mifereji hivyo. Mashambani kwetu miche ilipandwa aghalabu juu ya mstari wenyewe, na mifereji mingi tuionayo milimani ilichimbwa kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Mtu atakayeileta kanuni ya 1810 juu ya mteremko wa Nyeri bila kuutazama mteremko huo atawapa watu haki isiyo yao.

Kanuni ya mpaka wa jumla iliingia katika sheria yetu ya mwaka 1963, na ilibaki katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Ramani ya daftari huhesabiwa kuwa yaonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo mipaka imethibitishwa kwa kupimwa na jambo hilo likaandikwa daftarini. Majirani wakigombana juu ya mpaka wa namna hiyo, mahakama haitasikiliza shauri lao mpaka mipaka kwanza iamuliwe kwa njia iliyowekwa na sheria. Anayeombwa kuamua ni Msajili wa Ardhi, naye yampasa kuwapa habari wenye mashamba yote yanayopakana. Sheria hiyo pia yamtaka kila mwenye shamba atunze wigo, mawe, nguzo na alama nyingine zionyeshazo mpaka wake, na yamhesabu kuwa mkosaji mtu aziharibuye au kuziondoa.

Yafaa tuone jinsi uamuzi huo ufanywavyo, kwa kuwa ndani yake mambo ya kale na mapya hukutana. Siku iliyotajwa, Msajili au mtu wake hufika shambani pamoja na mpimaji mwenye vyombo vyake na nakala ya ramani. Majirani husimama kila mmoja upande wake. Mpimaji hutafuta kwanza vitu ambavyo havikusogea: pembe ya barabara, ukingo wa mto, ua wa zamani wa shamba la tatu. Hupima kutoka huko. Lakini ramani ikisha kusema kadiri iwezavyo, Msajili husikiliza pia ushahidi wa watu: nani alipanda kayaba hii, mwaka gani, kichaka kile cha matoka kilikuwako wakati wa babu yenu au kililetwa na wifi yenu kwa mapambo? Shina kongwe lililokatwa na kuchipua mara nyingi ni shahidi mzuri kuliko mche wa mwaka jana. Mtu aliyeung'oa ua wa kayaba usiku na kujenga ukuta wa mawe hatua mbili mbele, akidhani ukuta una nguvu kuliko miche, husahau kwamba visiki hubaki ardhini na mizizi haifuati ukuta.

Nje ya milima ya kati mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu kuthibitisha haki za watu katika ardhi waliyo nayo bila kukusanya vipande. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya ardhi za makundi, ambayo kwayo Wamasai wengi waliandikishwa pamoja kama wenye shamba moja kubwa la malisho. Hayo yalikuwa na nafasi ya kukumbuka desturi ya zamani, kwamba boma ni la mji na malisho ni ya wote. Lakini tangu miaka ya 1980 makundi mengi yaligawana ardhi yao, kila mtu akapewa hati, na baada ya hati ikaja seng'enge.

Huko ndiko swali letu limegeuka juu chini. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ilizungushiwa wigo pande tatu, na upande wa kusini ukaachwa wazi ili nyumbu na pundamilia waweze kwenda katika tambarare za Kitengela na Athi wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Tambarare hizo ni mali ya watu. Kila mwenye kiwanja ana haki ya kukizungushia wigo, na ana sababu: simba hula ng'ombe wake, na wageni hujenga ovyo. Lakini wanyama hawajui hati. Viwanja vikizungushiwa kimoja baada ya kingine, njia yao hufungika pasipo mtu mmoja kuwa ameifunga. Waweza kumlaumu nani, hali kila mmoja amezuia mita 30 tu?

Kulazimisha kwa sheria peke yake kungalikuwa kumwambia maskini alipe gharama ya jambo lifurahishalo dunia nzima. Kwa hiyo mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kukodi haki yenyewe ya kuweka wigo. Mwenye ardhi aliyekubali aliendelea kuimiliki na kulisha mifugo yake, ila aliahidi kutoizungushia ua, kutoilima, na kutochimba mawe ndani yake; naye akalipwa dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka. Malipo yaligawanywa mara tatu, yakatolewa karibu na wakati wa kufungua shule, na katika familia nyingi fedha zilizotokana na ua usiojengwa zilitoka mkononi mwa mzazi zikaingia moja kwa moja katika karo ya watoto wake.